Mwaka Nilipokataza Nyumba ya Shangazi Isisiribwe

Marahaba, marahaba. Kaeni. Hapo hapana, huo mkeka una unga, sogeeni huku. Mmesema mnasoma usanifu wa majengo, mwaka wa tatu, na mwalimu wenu amewatuma mje mchote uzoefu kwa Bibi Nyamizi. Haya. Uzoefu, wajukuu zangu, ni makosa ambayo mashahidi wake wameshafariki. Wangu wengi wametangulia, Mungu awarehemu, kwa hiyo leo naweza kusema kwa raha zangu.

Kwanza niwape la mkononi kabla sijasahau. Ukipima nyumba ya kale, usiamini kona. Pima ukuta huu, pima na ule, halafu pima mshazari, kona hadi kona, ndipo utajua chumba kimekaa upande gani. Na anayekushikia sifuri ya tepu asiwe mtu wa watu. Mimi nilishikiwa na binamu yangu Hadija, na Hadija hakuna asiyemjua Tabora hii. Kila mpita njia alisalimiwa, na kila salamu ilikuja na mkono, na mkono ndio ulioshika tepu. Chumba kimoja nilikipima mara tatu kikanipa upana wa aina tatu.

Tena muda wenyewe haukuwa wa kutoa tepu hadharani. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu wanahamishiwa vijijini, na aliyeonekana anapima alijulikana amekuja kuhamisha. Siku ya kwanza nilinyoosha tepu mbele ya nyumba ya Shangazi saa mbili asubuhi. Kufika saa nne jirani wa kushoto ameshafunga vitanda kwa kamba, jirani wa kulia amekamata kuku wote na kuwatia tengani. Nikawaambia, jamani, mimi ni mwanafunzi tu, nachora. Yule wa kuku akanijibu, "Wote huanza kwa kuchora." Ilibidi Shangazi aende mwenyewe mlango kwa mlango kuwaambia kwamba huyu ni mtoto wa kaka yake na hana uwezo wa kumhamisha hata paka.

Sasa mtauliza nilifikaje huko kwenye kuchora. Mimi nilijaza fomu ya udaktari. Nafasi za udaktari zikajaa, akabaki afisa mmoja na karatasi ya mwisho mkononi, akaniuliza, majengo je? Nikamjibu majengo nayo huumwa. Akacheka, akapiga mhuri, na mimi mtoto wa fundi cherehani wa Tabora nikajikuta Yugoslavia, nimevaa koti zito kuliko godoro, nasomea mipango ya miji na uhifadhi wa majengo ya kale.

Huko nilimpata mwalimu wangu, Profesa Dragan. Mfupi, mkali, na mfuko wa koti lake daima una miswaki. Si ya meno. Alitupeleka kwenye bomba la maji la mawe, kijumba kabisa cha kuchotea maji, la zamani sana, katikati ya soko la mafundi wa shaba, akamgawia kila mtu mswaki wake na jiwe lake. Miezi miwili nasugua jiwe moja. Niliandika nyumbani kwa fahari, nikamweleza baba kila kitu. Baba akajibu: "Mwanangu, barua tumeipata na sote ni wazima. Tumesoma kwamba unasugua mawe kwa mswaki. Mama yako anauliza kama ni adhabu."

Nilipomaliza kusugua nikaambiwa nilichore lile bomba. Nikachora mraba safi, kona zote nne zimenyooka, mtu angedhani ni boksi la sabuni. Profesa akachukua tepu, akaenda kupima mbele yangu. Upande mmoja ulizidi mwenzake kwa kiganja kizima. Akanirudishia karatasi. "Umechora unachokipenda. Kachore kilichopo." Nilirudia mara nne, na baridi ile ilikuwa inauma mpaka kwenye kucha. Neno hilo lichukueni bure, mimi nililipata kwa mafua.

Lakini neno lake kubwa lilikuwa jingine: ukishatoa vumbi kwa mswaki, basi. Usiguse. Kila tabaka la chokaa, kila doa, kila ufa, ni ushahidi wa watu waliopita, na wewe uliyekuja jana huna ruhusa ya kuufuta. Aliyegusa ukuta alipigwa kofi la mkononi. Mimi nilipigwa mara mbili, ya pili nilikuwa nimeegemea tu. Kufika mwaka wa mwisho hilo neno lilikuwa limeniingia kwenye damu, na ndilo lililokaribia kumtoa Shangazi Sikitu nyumbani kwake.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alirudi kwao kutafuta jengo la kuandikia tasnifu. Mimi sikuhangaika. Shangazi Sikitu, dada mkubwa wa baba, alikuwa anakaa kwenye nyumba ya babu yetu, ambaye alikuwa mnyapara wa wapagazi enzi za misafara. Nyumba ya miti na udongo, kuta nene, baraza mbele, uani katikati, dari ya boriti na juu yake udongo ulioshindiliwa. Upande wa barabara kuna chumba kirefu walichokuwa wakilaza mizigo kabla haijaendelea pwani. Tangu babu ahame duniani, Shangazi hakuwahi kulala nyumba nyingine. Wala hakutaka.

Nilipofika nikakuta shida imeshaingia. Afisa wa mipango ya mji, kijana wa Nzega aitwaye Masanja, alikuwa amechora barabara mpya. Barabara yake ilianzia alikotaka ikaishia alikotaka, na katikati ilipita kwenye kitanda cha Shangazi. Ndugu Masanja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na rula mpya. Shangazi alishaonyeshwa kiwanja kingine, mtaa wa Cheyo, akaenda kukitazama, akarudi akasema ni kizuri sana, wampe mtu mwingine.

Nikaenda ofisini na koti langu la Yugoslavia, jua la saa saba, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, ili nionekane msomi. Nikajenga hoja. Mwishowe nikapewa sharti moja: kamati itakuja kukagua baada ya mvua za kwanza. Ikikuta nyumba ni ya kale kweli na ni imara, barabara itafikiriwa upya. Ikikuta gofu, linavunjwa na Shangazi anakwenda Cheyo. Nikatoka pale nimevimba kichwa. Nikamwambia Shangazi, usiwe na wasiwasi, mimi nipo.

Wiki hiyohiyo nikagundua kitu. Chumba cha mizigo, chini karibu na kona, udongo ulikuwa umebanduka kidogo, na pale palipobanduka nikaona matabaka. Jekundu, la kijivu, jeupe, jekundu tena, membamba kama kurasa. Nikahesabu kwa sindano, nikafika arobaini na kitu, nikapotea, nikaanza upya. Wajukuu zangu, nililia machozi. Nikasema Profesa akiyaona haya atavua kofia. Nikazungusha kamba nyumba nzima, nikafunga vitambaa vyekundu, nikaandika kwenye ubao kwa chokaa: USIGUSE. Mbuzi wa jirani alikula vitambaa vitatu siku ya kwanza, lakini ukuta hakuugusa.

Sasa, nyie mliozaliwa kwenye matofali hamjui. Nyumba ya udongo husiribwa kila mwaka kabla ya mvua. Wanawake wa ukoo na wa mtaa wanakusanyika, wanaleta udongo, wanapaka kuta zote upya, wanapanda na juu kushindilia dari, na mwenye nyumba anapika. Mimi nililijua hilo kwa kulisikia tu. Kila msimu wa kusiriba mimi nilikuwa na mtihani, na nikiwa sina mtihani nilijitafutia.

Wakaja asubuhi, wanawake kumi na wawili, wengine wametoka Itetemia na madebe ya udongo wa kichuguu kichwani. Mbele yao Bi Mgeni, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye ndiye aliyesimamia udongo wa mtaa ule tangu mimi sijazaliwa.

"Mwangaluka," akasalimu kwa Kinyamwezi, akatua debe. "Hii kamba ya nini?"

"Shikamoo, Bi Mgeni. Mwaka huu ukuta hauguswi."

"Marahaba. Hauguswi na nani?"

"Na mtu yeyote. Huu ukuta ni ushahidi."

"Kuna kesi?"

Nikawaeleza. Nikawatolea somo zima la Yugoslavia, na bomba la maji, na miswaki. Walinisikiliza kwa adabu kubwa sana. Mmoja akauliza kama kuegemea kunaruhusiwa, nikasema hapana. Mwingine akauliza kuku je. Bi Mgeni akamgeukia Shangazi, na wote wakamgeukia. Shangazi akatazama juu, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa magharibi. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu kidogo.

"Msomi amesema," akasema. "Ingieni uani, pilau imeiva."

Wakala pilau, wakajitwisha madebe yao, wakarudi walikotoka. Nilijiona nimeokoa taifa.

Mvua ya kwanza ilinyesha kidogo na haikufanya kitu. Nikaandika kwenye daftari: "Ukuta uko imara." Daftari hilo bado ninalo, sijui kwa nini sijalichoma. Ya pili ikaleta tone moja kwenye dari, nikaweka sufuria, nikaandika "tone moja". Ya tatu ilikuja siku ya Ijumaa baada ya swala, na haikuja kwa matone.

Nilikuwa chumba cha mizigo, nimekaa mezani nachora ukuta huohuo. Nikaona unatoa tumbo. Nikasema macho yangu. Nikachukua timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma ya kupimia wima, nikaitundika, na kabla haijatulia ukuta mzima ukakaa chini barabarani, taratibu, kama mtu mzima aliyechoka. Matabaka yangu yote arobaini na kitu yakawa tope moja. Na mimi nikabaki nimekaa mezani, penseli mkononi, koti langu limening'inia msumarini nyuma yangu, natazamana na wanaume waliokuwa wanatoka msikitini.

"Assalamu alaykum, Nyamizi," akasema mmoja.

"Waalaykumu salaam."

"Naona umefungua dirisha."

Siku ya pili mtaa mzima ulishaona pale ni karibu zaidi kuliko mlangoni. Wanakuja, wanasimama kwenye tundu, wanasema hodi, wanasubiri wakaribishwe, ndipo wanaingia. Hata aliyekuja kuomba moto alipita pale. Mimi niliwakaribisha, ningefanya nini? Na Jumamosi hiyohiyo, mapema, ikaja barua ya halmashauri kwa mkono wa tarishi, naye akapiga hodi tunduni: kamati itafika Jumatatu.

Nikaenda uani nikalia. Si machozi ya matabaka safari hii. Nilimwona Shangazi wangu, umri wake wote ule, amebeba kitanda chake anakwenda Cheyo, na aliyemtoa si Masanja wala rula yake, ni mimi niliyesema nipo. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama. Yeye alikuwa anapepeta mchele. Akamaliza ungo wake, akauweka chini.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, Shangazi."

"Vua viatu. Bi Mgeni anakuja."

Haya, hapa fungueni daftari zenu, maana nilichojifunza siku mbili zile hakikuwemo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Udongo wa kichuguu ndio wenye kushika, lakini peke yake hupasuka. Unautia nyasi zilizokatwakatwa na mchanga kidogo, unaukanyaga mpaka ukuchoke wewe. Kuujaribu, finyanga donge kama chungwa, liachie kutoka kiunoni. Likisambaratika, ongeza maji. Likilala bapa, ongeza mchanga. Likipasuka vipande viwili vitatu na kutulia, anza kazi. Wa mwisho, wa kusiribia, unachanganywa na mavi ya ng'ombe na majivu, na usinikunjie pua, huo ndio unaokataa maji.

Niliwekwa kwenye kukanyaga. Baada ya muda Bi Mgeni akaja, akatazama miguu yangu, akanitoa. Akasema nakanyaga kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nikapelekwa kwenye fito, kufunga kamba; nikatolewa. Mwisho nikapewa ndoo ya maji, na hata hapo nikaambiwa nijaze nusu kwa sababu namwaga njiani.

Ukuta ulipoanza kusimama nikaona unalalia ndani. Nikaleta timazi yangu. "Bi Mgeni, ukuta umepinda."

"Umelala."

"Mbona umelala?"

"Ile dari ya udongo ikilowa ina uzito, na uzito wake unasukuma nje. Ukuta ukisimama wima utatolewa barabarani. Ukilala ndani unasukumana nayo." Akanitazama. "Huko Ulaya dari hazina uzito?"

Nikaenda kuchota maji.

Jumatatu kamati ikaja: Ndugu Masanja na ramani yake, karani wa kuandika, na mwenyekiti, mzee mpole aliyetembea na mwavuli hata jua likiwaka. Ukuta ulikuwa umesimama. Tulikuwa tumeukausha kwa majiko ya mkaa ndani na nje tangu alfajiri, wanawake wanapepea kwa vifuniko vya sufuria, na kwa juu ulikuwa umeanza kupauka kama ukuta wa heshima. Kwa ndani ulikuwa uji.

Wakazunguka nyumba. Mwenyekiti akaona baraza, akaona boriti, akasema hii nyumba ya watu hii. Nikaanza kupumua. Wakafika chumba cha mizigo. Mwenyekiti akauliza, "Na ukuta huu una umri gani?"

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, wajukuu zangu. Miaka themanini, ningesema, na nani angekataa? Bi Mgeni alikuwa nyuma yangu na wenzake wote. Lakini Ndugu Masanja, kwa uchovu wa kuzunguka, akaweka mkono ukutani kuegemea. Ukazama mpaka kiwikoni.

Akautoa taratibu, umevaa soksi ya tope. Pale ukutani pakabaki shimo la umbo lake, vidole vitano vimekamilika.

"Una siku mbili," nikasema.

"Siku mbili," karani akaandika.

"Ulianguka Ijumaa, kwa kosa langu. Niliwakataza kuusiriba." Nikaenda kwenye rundo la kifusi, nikaokota bonge moja lililookoka, nikawaonyesha kurasa zake. "Kila ukurasa hapa ni mwaka mmoja. Kila mwaka wanawake hawa na mama zao wameifanya upya nyumba hii kabla ya mvua. Nilidhani ukale wake uko kwenye udongo. Mwaka mmoja tu nimewarudisha, na mmeona. Mkiniuliza cha kale hapa ni kipi, ni wao kuja."

Ndugu Masanja akafuta mkono. "Mwenyekiti, kama ukuta ni wa juzi, basi hii si nyumba ya kale."

Hapo Shangazi akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, huko kwenu Nzega mama yako anasiriba?"

"Anasiriba, mama."

"Lini mara ya mwisho?"

"Mwezi uliopita."

"Kwa hiyo mama yako amehamia nyumba mpya?"

Wanawake kumi na wawili wakajiziba midomo kwa khanga. Mwenyekiti akageukia ramani, akaitazama sana ile barabara iliyopita kwenye kitanda cha Shangazi.

"Ndugu Masanja, hii rula yako inapinda?"

"Rula haipindi, mwenyekiti."

"Basi chora bila rula."

Na ndivyo ilivyokuwa. Piteni pale mkienda stendi, mtaona barabara inakuja vizuri, inafika kwa Shangazi, inazunguka, halafu inanyooka tena. Madereva wanasema mhandisi alikuwa amelewa. Mimi nilirudi Yugoslavia na bonge langu la udongo, Profesa Dragan akaniuliza mbele ya watahini kwa nini niligusa, nikamjibu kwamba nilipoacha kugusa ilianguka. Alinipa alama ya kupita, si ya kujivunia, na lile bonge akalichukua yeye.

Lakini jambo moja sikumwandikia Profesa, nawapeni nyinyi. Siku moja kabla sijapanda treni nilikuwa uani na Shangazi tunamenya karanga. Nikamwuliza, "Ulijua ukuta utaanguka?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoyaona mawingu."

"Sasa mbona uliniacha? Wangevunja nyumba ya babu."

Akaendelea kumenya. "Wale wanawake nimewaambia miaka mitano kwamba nina mtoto anasoma Ulaya. Siku ile walikuja kukuona wewe. Ningekukatalia mbele yao, ungerudi tena hapa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikajijua, na kiburi changu cha wakati ule.

"Nisingerudi, Shangazi."

"Basi," akasema. "Ukuta ningepata mwingine."